Mnunuzi haishi kuja kuangalia nyumba: nimfukuze?

Maswali ya wasomaji kuhusu nyumba na viwanja. Anayejibu ni dalali mkongwe wa Ujiji.

SWALI

Shikamoo mzee. Nauza nyumba yetu ya hapa Mwanga, Kigoma. Ina vyumba vitatu, sebule, jiko la nje na uwanja wenye michikichi miwili kwa nyuma. Mume wangu alihamishiwa Tabora kikazi mwaka jana, na watoto nataka waanze shule huko Januari, ndiyo maana tunauza.

Mnunuzi nimempata mwenyewe bila dalali. Ni mtu wa dagaa pale Kibirizi, ana mitumbwi yake. Alianza kuja wakati ziwa limefungwa. Siku ya kwanza alikuja peke yake, akasema ameipenda. Akarudi na mke mkubwa. Akarudi na fundi. Akarudi na mke mdogo, ambaye hakutaka hata kuingia vyumbani, alikaa barazani tu. Baada ya hapo nimeacha kuhesabu. Anatokea bila taarifa, siku nyingine jioni nikiwa nakaanga migebuka. Anazunguka nyuma, anagonga ukuta, anatazama dari, anauliza baba watoto atarudi lini, anakunywa chai, anaondoka. Bei nimemwambia milioni 45. Hajaikataa, hajaikubali. Sasa anataka kuja Jumapili na kaka yake kutoka Mwandiga.

Majirani wameanza kunisema. Na wapo watu wawili walioulizia nyumba, nikawajibu kwamba imeshapata mtu. Nimfukuze?

Mama wa Watatu, Mwanga

JIBU

Marahaba mama. Usimfukuze. Ila hao wawili uliowaambia nyumba imepata mtu, wapigie simu leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma. Nyumba haijapata mtu, imepata mgeni. Mpaka mtu aweke pesa na karatasi isainiwe, nyumba yako iko sokoni na kila anayeuliza anakaribishwa. Mnunuzi wako naye ajue kwamba wengine wanakuja. Usimwambie kwa vitisho. Mwambie tu, "Jumamosi kuna watu wanakuja kuangalia, wewe njoo Jumapili saa nne." Nimeona wanunuzi waliokuwa wakijivuta miezi wakapata mbio ghafla kwa sentensi hiyo moja. Lakini iwe kweli. Kigoma mji mdogo, mnunuzi hewa hugundulika kabla ya magharibi.

Sasa tumsome huyu bwana, maana barua yako imeniambia mengi kuliko ulivyokusudia.

Kwanza, anafanya kazi gani na alianza kuja lini. Tangu mwaka 2024, Ziwa Tanganyika hufungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mwenye mitumbwi katika miezi hiyo mitatu ana muda tele na mfuko mtupu. Anafanya nini? Anatembea kuangalia nyumba. Ziwa likifunguliwa, pesa haiji siku hiyo hiyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa nyumbani. Giza la kwanza linalipa madeni ya nyavu, mafuta na vijana wa mtumbwini. Giza la pili linarudisha mtaji. Ya nyumba inaanza kuonekana baada ya hapo. Hilo halimfanyi kuwa tapeli, ila tajiri wa Kibirizi hawezi kukwambia mama wa watu kwamba mfuko umekauka. Ataomba aje tena kutazama dari.

Kwa hiyo acha kumuuliza "utanunua lini?" Muulize hivi: "Tukikubaliana leo, unaweza kuanza na kiasi gani, na kingine kije giza la ngapi?" Ukimuuliza kwa kalenda yake mwenyewe, atakujibu kwa tarakimu.

Pili, hao wanaoandamana naye. Watu wengi huudhika mnunuzi anapoleta ukoo mzima. Mimi nilikuwa nafurahi. Anayekuja mara moja na kusifu kila kitu ndiye asiyerudi. Anayekuja mara ya pili ana nia, na aliyeleta fundi ana nia zaidi, kwa sababu fundi hapandi bodaboda bure kwenda kugonga ukuta wa nyumba ambayo bosi wake haitaki. Kaka wa Mwandiga naye inawezekana kabisa ndiye atakayemkopesha kilichopungua, au ndiye mwenye kauli katika familia. Mpokee vizuri.

Anayenitia shaka ni yule mke mdogo aliyekaa barazani. Wewe umemwona kama mwenye dharau. Mimi naona mtu aliyekuwa anatazama barabara, nani anapita, nani anasalimia, jirani ana spika ya ukubwa gani. Au basi anajua nyumba siyo yake na ameletwa kwa adabu tu. Yote mawili yanakuhusu, maana nyumba inayotafutwa bila kujulikana nani atalala ndani yake haiishi kuangaliwa. Mkubwa anataka jiko la ndani, mdogo anataka karibu na sokoni, na bwana anazunguka katikati akigonga kuta. Muulize bila kupepesa macho: "Nyumba hii unamnunulia nani?" Akikutajia mmoja, mwombe huyo aje mchana na akae hata saa nzima, afungue bomba, aingie chooni, aulize bei ya umeme. Akiridhika huyo, wengine wote ni wasindikizaji.

Tatu, na hapa ndipo penye mzizi: sikiliza anachouliza, usihesabu anavyokuja. Mnunuzi anayesogea huuliza maswali mapya kila akija. Leo ukuta, kesho maji, keshokutwa mpaka, kisha karatasi. Akirudia swali ambalo umeshalijibu vizuri, anatafuta upenyo wa kushusha bei. Akirudia swali ambalo hujalijibu, basi hapo ndipo alipokwama.

Wako anarudia swali gani? Baba watoto atarudi lini.

Wewe ulidhani ni salamu, au umeanza kuogopa ni ya nia mbaya. Mimi nadhani bwana huyu ameshaongea na mtu anayejua sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwanandoa hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi akinunua kwako peke yako, halafu mumeo ashuke kwenye treni kutoka Tabora aseme yeye hakuuza, milioni 45 za dagaa zinaenda mahakamani. Pita mitaa ya mji wetu uhesabu kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi" kwa rangi nyekundu. Kila ukuta wa namna hiyo una ndugu au mwenza aliyetaka kuuza kwa siri. Mnunuzi naye amepita mitaa hiyo hiyo na anasoma.

Kwa hiyo mumeo aje. Treni ipo, basi lipo. Akishindwa kabisa kwa Jumapili hii, azungumze naye kwa simu mbele ya huyo kaka, kisha akaandike ridhaa yake kwa wakili huko huko Tabora na kuituma, na siku ya mkataba awepo mwenyewe. Nina imani hilo peke yake litapunguza safari zake kuliko maneno yote niliyoandika hapa.

Kuhusu Jumapili, fanya hivi. Andaa nakala za karatasi mezani: hati au offa (barua ya toleo la kiwanja) kama ndiyo mliyo nayo, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, cheti cha ndoa, vitambulisho. Nakala mpe akafanye upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi ya mkoa, ila hati yenyewe isitoke mkononi mwako, hata kwa dakika moja ya "nikaipige picha dukani". Onyesha na mita ya LUKU, kwa sababu kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ya chini, na wanunuzi hupenda kujua kama kuna deni limejificha.

Halafu bikoni, yaani alama za zege kwenye kona za kiwanja. Usikubali aondoke bila kuziona zote. Nyumba nyingi za Mwanga, bikoni ya nyuma imefukiwa na udongo ulioshuka na mvua. Mtafute kijana mwenye jembe Jumamosi, achimbe taratibu kwenye kona mpaka zege lionekane, asugue kwa brashi mpaka namba isomeke. Kama mchikichi mmoja umesimama juu ya mpaka au karibu yake, mwite jirani aseme mbele yao ni wa nani. Michikichi miwili ni mawese ya mwaka, usidhani ni jambo dogo. Nilishaona mauziano ya nyumba nzima, bati na milango, yakikwama wiki kadhaa kwa ajili ya mchikichi mmoja.

Dari nalo. Anatazama nini kila akija? Bila shaka kuna doa. Mvua za mwanzo zikipita chini ya bati, ubao wa dari huacha mduara wa kahawia wenye kingo nyeusi, na hata ukipaka rangi hurudi. Usisubiri akuonyeshe. Mwonyeshe wewe, mwambie lilitoka msumari gani na lilizibwa lini, au kama halijazibwa, fundi wake aseme gharama yake ni kiasi gani, mpunguze hapo hapo, yaishe. Akisema anataka kuja siku mvua ikinyesha aone maji yanapita wapi, hilo ni ombi la mtu mwenye akili, kwa milima na makorongo yetu haya. Mkubalie, mara moja.

Na kuhusu kutokea jioni bila taarifa ukiwa peke yako na watoto, hapana. Hapo sina mjadala. Siyo suala la kumdhania ubaya. Wewe ni mke wa mtu, mumeo yuko mbali, na mtaa una macho. Mtumie ujumbe leo, maneno haya haya ukitaka: "Assalaam alaikum kaka. Jumapili karibu saa nne asubuhi, na kaka yako. Baba watoto atakuwepo au tutampigia simu. Kuanzia sasa naomba ukitaka kuja unijulishe siku moja kabla, tupange mchana, shemeji yangu awepo." Mwungwana hatakasirika. Akikasirika, umeokoa chai yako.

Maana chai nayo, mama! Chai ya kwanza ni ukarimu. Ukiendelea kumwekea sahani ya migebuka na ugali wa muhogo kila jioni, kwa nini anunue? Nyumba anayo tayari, na mpishi juu.

Mwisho wa kikao cha Jumapili ndipo uombe kishika uchumba, yaani malipo ya awali. Usikidharau jina, kishike kwa maandishi. Iandikwe bei mliyopatana, kiasi alichotoa, tarehe ya kumaliza, nini kitatokea asipomaliza kwa tarehe hiyo, na nini kitatokea wewe ukigeuka ukauzia mwingine. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri, anawajua majirani na mipaka, lakini mkataba wenyewe ukaandikwe kwa wakili, na pesa ipite benki. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, yaani nyinyi, kwa hiyo kaulizeni TRA mapema kabla hamjaipangia kazi milioni ya mwisho.

Akishatoa kishika uchumba, usishangae akaanza kuja zaidi. Sasa ana haki kidogo: atataka kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, fundi seremala aone mlango. Mpangie siku, awe nayo. Ufunguo hapana, mpaka shilingi ya mwisho. Wala asilete hata mfuko mmoja wa saruji "uhifadhi tu stoo." Kuna nyumba Gungu niliyoisimamia, mnunuzi aliruhusiwa kuweka saruji kabla hajamaliza malipo. Baada ya saruji wakaja mafundi, baada ya mafundi ukuta wa jiko ukatobolewa ili upanuliwe. Kisha pesa ikakwama. Mwenye nyumba akabaki na tundu la ukuta, mifuko ya watu, na kesi ya nani amlipe nani. Walipatanishwa na wazee wa mtaa baada ya maneno mengi mno.

Na akija Jumapili, akaonyeshwa karatasi, akaongea na mumeo, akaona bikoni, akaulizwa kuhusu giza, halafu akasema "nitarudi tena kuangalia"? Mjibu kwa upole kwamba karibu sana, ila safari ijayo ni ya kuandikishana. Kisha endelea na hao wawili.

SWALI

Dalali alimleta mteja nyumbani kwangu mara moja tu. Mteja amekuwa akirudi mwenyewe, na sasa ananiambia tumalizane sisi wawili ili bei ishuke. Dalali amesikia, anadai asilimia kumi yake. Alikuja mara moja! Je, nimlipe?

Mwalimu, Ipuli, Tabora

JIBU

Mwalimu, umemuuliza fisi kuhusu bucha, lakini nitajitahidi kuwa mkweli.

Mlipe. Kazi ya dalali ni kumleta mtu. Kurudi rudi ni kazi ya mtu aliyeletwa, na kama angekuja mara moja tu ungesema dalali hana faida. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo, lakini makubaliano yako na dalali hata yakiwa ya mdomo ni makubaliano. Tatizo ni kuyathibitisha, na katika mji kama Tabora ambako kila mtu amesoma na mtu, mashahidi hawakosekani.

Kilichopo cha kujadili ni kiasi. Kama hamkutaja asilimia kumi mwanzoni, si lazima iwe kumi. Wapo wanaochukua tano na kushukuru. Na kabla hujakubali lolote, muulize mteja jambo moja: siku ile ya kwanza, dalali alimtajia bei gani? Ikiwa wewe ulisema milioni 30 na yeye akasikia 34, basi dalali alishajiwekea cha juu, na hapo una haki ya kumwita mkae watatu, aseme anataka cha juu au asilimia. Vyote viwili hapati.

Huyo mteja naye mwangalie vizuri. Leo anakushauri umruke dalali, na kesho anaweza kukuruka wewe kwenye awamu ya mwisho ya malipo.

SWALI

Nauza nyumba Katubuka. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, hajawahi kufika. Kila siku ananiomba video: sebule, bafu, paa, tena bafu. Bando langu linaisha kwa ajili yake.

Mchovu wa Video, Kigoma

JIBU

Kutoka Dar mpaka hapa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo siwezi kumlaumu kwa kutaka kuona kwanza. Mpangie simu ya video moja, mchana kweupe, na uanzie barabarani siyo sebuleni, maana picha ya sebule haionyeshi korongo lililo mbele ya geti. Zunguka nje yote, kisha ingia ndani chumba kwa chumba bila kukata. Fungua bomba, washa taa, elekeza simu juu kwenye dari, taratibu.

Baada ya hapo atume mtu wake. Hakuna Mtanzania aliyeko Dar asiye na binamu, mwanafunzi mwenzake au shemeji Kigoma. Asiye na mtu wa kumtuma hapa anataka kununua nini hapa?

Video ya bafu moja inatosha. Akiomba ya pili, wewe mwombe namba ya wakili wake.